Nilimwambia Mama Nimeshiba

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mitano, na hakuna tena jambo la kunishangaza duniani. Shule niliiona kwa nje tu, lakini leo nina duka Bondeni na nyumba ya bati, na waliosoma huja kunikopa chumvi. Nilijiinua mwenyewe! Hata hivyo, someni haya...

Enzi za Mdachi baba yangu alifariki kwetu Talatala. Mama alikuwa mtu wa ufukweni, mfinyanzi wa vyungu. Baba mdogo alitaka kumrithi, mama akakataa. Akafukuzwa arudi kwao, mimi nikazuiwa, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilikuwa na miaka sita hivi.

Baadaye baba mdogo akaniambia mama amezama ziwani na mtumbwi wa vyungu.

Nililala na ndama. Chakula changu kilikuwa ukoko, na siku nyingine hata huo sipati. Nikiomba, mke wa baba mdogo ananiuliza kama tumbo langu lina mlango wa nyuma.

Ningefanya nini? Nikajitengenezea mama! Nyuma ya nyumba, migombani, jani lilikuwa sahani, tope wali, vijiti samaki. Mama yule hakuwa na sura, alikuwa sauti tu. Kila jioni huniuliza kama nimekula, nami humjibu nimeshiba, ndaga, yaani asante, nenda ukapumzike. Nilicheza hivyo mpaka nikasahau kwamba nacheza...

Jioni moja sauti ikatoka migombani. Ilikuwa ya mama mwenyewe! Lakini ningejuaje? Babu, baba yake baba, alikuwa ameketi uwanjani, na kwetu mwanamke haonani kabisa na baba mkwe wake. Kwa hiyo mama alijificha majanini, kajitanda nguo gubigubi, ananong'ona.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimeshiba, mama. Ndaga. Nenda ukapumzike."

Kisha, "Wanakupa nini?"

"Wali na samaki. Kila siku."

"Basi nisikuchukue?"

"Nenda tu, mama. Nitakuita."

Migomba ikatikisika. Mimi nikaendelea kula tope langu...

Vita vya Wazungu vikaja. Baba mdogo akachukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Nikaanza kuchuuza mpunga kwa kichwa, nikainuka, nikainuka! Siku moja nikashuka ufukweni kununua vyungu. Mfinyanzi mmoja akanikazia macho, akauliza jina la baba yangu. Kumbe ni mama mdogo, mdogo wake mama!

Akanieleza kwamba mama hakuzama kamwe. Jioni ile kaka zake walikuwa wakimngoja na mtumbwi, tayari kunitorosha. Alirudi mikono mitupu.

"Alituambia, mwacheni, anakula wali," mama mdogo alisema. "Akasema, huku nitampa nini, mihogo?"

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Wazazi na walezi, nawasihi... Mtoto wa kulelewa akisema ameshiba, msiuamini mdomo wake. Mfunueni nguo, mtazame mbavu! Na mtu aliye hai msimzike kwa maneno mbele ya mwanawe. Mtoto huyo atatafuta mama pengine, na wa kweli akija hatamjua.

Kwa desturi yetu msiba haumaliziki bila ng'ombe, na wa mama hakuwa amechinjwa. Nilinunua dume palepale. Mimi ninayebishania bei hata ya kiberiti, siku ile sikubisha. Shilingi arobaini na mbili.