Jiwe la Babu Idwal

Kila jioni Mabli alimghania babu yake. Babu Idwal alikaa karibu na moto, blanketi magotini, akikohoa. Ujana wake wote uliishia kwenye machimbo yaliyo juu ya kijiji chao, huko Wales, akipasua mawe meusi ya kuezekea. Wenye machimbo walichukua mawe, wakatajirika. Vumbi walimwachia yeye, kifuani.

"Haya ghani, ndege wangu," alisema.

Mabli alikuwa na miaka tisa. Alisimama wima, mikono nyuma, akaghani beti zote bila kukwama. Katika mashindano ya shule za bonde lile, alishika nafasi ya kwanza, akavishwa utepe. Mama yake, Nesta, aliutundika utepe juu ya meko. Nesta aliwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee mjini, akarudi hoi. Akimsikia binti yake akighani, moyo ulitulia. "Mtoto anasoma," alijiambia. "Shule yetu ni nzuri."

Afya ya Babu Idwal ilipozidi kudhoofika, alichukua bamba la jiwe, akalichonga maneno machache, kisha akalifunika kwa gunia.

"Siku ya kunizika, Mabli atanisomea haya kaburini," alisema. "Mtu asichungulie kabla."

"Mimi, Babu?"

"Nani mwingine? Mchungaji? Yule akianza hamalizi. Mtalowa mvua wote!"

Wakacheka. Kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

Alikufa majira ya kondoo kuzaa. Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Gunia likaondolewa, na Mabli akaliangalia jiwe. Aliliangalia kwa muda mrefu. Halafu akaweka mikono nyuma, akaghani shairi lake la mashindano, lile la wanakondoo na jua la majira ya kuchipua.

Watu walilia. "Jamani, sauti hiyo!" alisema jirani yao, Dilys. "Idwal amezikwa kama mfalme."

Nesta alikuwa amesimama ubavuni mwa mtoto, akaliona jiwe. Lilikuwa na mistari miwili tu. Mabli hakuwa ametamka hata neno moja lililokuwa pale.

Nyumbani Nesta alimkalisha Mabli karibu na kiti kitupu cha babu.

"Mwanangu, mbona hukusoma maneno ya Babu?"

Mabli aliinamisha kichwa. "Niliona jina langu, Mama. Mengine yalikuwa mikwaruzo tu."

"Na shuleni mnasomaje?"

"Mwalimu anasema, sisi tunafuata. Nikisikia mara mbili, nimeshashika. Halafu naangalia kitabu, mdomo unasema wenyewe."

Nesta alijifunika uso kwa mikono. "Nikusomee basi maneno ya Babu?"

"Hapana! Babu alisema nisome mimi."

Nesta alimweleza Dilys. Dilys alimvuta ndani, akafunga mlango.

"Nyamazia hilo jambo! Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Machimbo yamefungwa. Duka limefungwa. Kanisani tumebaki vikongwe. Unataka tuizike na shule pia? Na umesahau wakaguzi walitufanyia nini?"

Nani kasahau? Enzi za mababu walikuja wakaguzi wageni wasiojua lugha ya Wales. Waliwahoji watoto kwa Kiingereza. Watoto wakakaa kimya, na wageni wakaandika kwamba watu hawa ni wajinga. Siku zile mtoto aliyeongea lugha ya mama yake alivishwa kibao cha aibu shingoni, akachapwa. Kidonda hicho kimerithiwa kama shamba. Ndiyo maana kijiji, kikiulizwa habari za shule yake, kilijibu kwa sauti moja: haina kasoro.

Wazazi walikutana na mkaguzi katika ukumbi wa shule. Aliitwa Bi Carys, naye aliongea lugha yao. Mwalimu mkuu, Hefin, aliyemfundisha Mabli na wenzake, alikaa pembeni, mnyonge.

"Shule yetu haina kasoro," alisema Dilys. Wakapiga makofi.

Nesta akasimama. "Binti yangu hajui kusoma."

"Nani? Mabli wa utepe? Kaa chini, mama!" mzazi mmoja alipaza sauti.

"Huyo huyo. Jiwe la babu yake limemshinda."

"Msaliti!" Dilys alifoka. "Idwal angekusikia!"

"Idwal alitaka kusomewa, Dilys. Bado anangoja."

Kisha mfugaji mmoja, Gethin, akasema kutoka nyuma, "Na wangu pia. Mimi nilikuwa namwita mbumbumbu."

"Nitaandika mazuri yenu," alisema Bi Carys. "Watoto hawa wanapendana. Wanasimama mbele za watu bila woga. Lugha yenu iko hai vinywani mwao. Lakini masikio yamefanya kazi ya macho. Kukariri si kusoma."

"Tutajuaje, basi?" aliuliza Gethin.

"Mpe mtoto ukurasa ambao hajawahi kusikia ukisomwa. Aunganishe sauti za herufi mwenyewe. Kisha akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Fanyeni hivyo kila siku, shuleni na nyumbani. Akikwama, msubiri. Usimsomee haraka. Usimcheke."

"Walighani pamoja vizuri mno," alisema Mwalimu Hefin. "Sikusikiliza mmoja mmoja. Nitaanza kesho."

Ripoti ikataja mazuri na yanayohitaji kurekebishwa. Shule haikufungwa. Mwalimu alimsikiliza kila mtoto peke yake, na wazazi wakaja kusaidia. Dilys naye alikuja, ingawa kwa miezi mingi hakumsalimu Nesta. Kuficha kidonda cha mtoto si kumpenda mtoto. Wazazi hao walifundishwa aibu, nao wakawatwika watoto wao.

Majani yalipopukutika, Mabli alimshika mama yake mkono, wakapanda hadi kaburini. Alipiga magoti kwenye nyasi zenye maji, akaweka kidole juu ya jiwe.

"Ni... li... pa... Nilipasua..."

Nesta alijiuma mdomo, akasubiri.

"Nilipasua mwamba... ili wewe... ufungue kitabu." Kidole kikashuka mstari wa pili. "Fungua, Mabli."

Upepo ulivuma kutoka machimboni.

"Mama, alikuwa ananiambia mimi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi nikamghania habari za wanakondoo."

Alilia sana. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena, kwa sauti zaidi, ili babu yake asikie.