Kondoo wa Kumkomboa Loyce

“Laki mbili kwa kondoo mmoja! Kwani anataga mayai?” Damiani alifoka. Hata shikamoo hakutoa.

Mzee Mughwai, mrina asali, alikuwa amesimama uani na kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwepo kondoo yuleyule aliyepewa na Damiani jana.

“Wa laki mbili ni mwenye mimba,” akajibu. “Wewe umenipa tasa wa elfu sabini. Nimemfunga kule walikotaka. Leo nimemkuta amegeuzwa, kichwa kinatazama kwenu. Wamemkataa.”

“Akina nani?”

“Jua linazama, mwanangu. Usinitajishe.”

Damiani akacheka cheko la hasira. Yeye alikuwa mchuuzi wa asali; haki yako alikupa mkononi, mchana kweupe. Ukimletea ujanja, mtakosana. Na huu aliuona ujanja mtupu. Kwamba mzee ndiye aliyemtoa dada yake, Loyce, porini, hilo hakulikana. Miaka minne iliyopita Loyce alikwenda kuokota kuni asirudi. Vichaka vya Itigi vimesokotana, hata nyoka huomba njia. Watu walitafuta wakachoka, wakalia wakanyamaza. Juzi tu mzee akatokea naye, kamshika mkono kama kipofu. Sharti likawa moja: waliokuwa wakiishi naye kule hawatoi mtu bure. Wapelekewe kondoo mweusi mwenye mimba.

“Roho kwa roho, sawa,” Damiani akasema. “Huyu tasa hana roho?”

“Anayo moja.” Mzee akaiachia kamba. “Wao wanadai mbili.”

Akaondoka. Maji ya kunywa aliyoletewa hakuyagusa.

Ndani, Loyce alikuwa amechuchumaa ukutani. Kitanda alikikataa. Mboga yenye chumvi aliitema. Tangu arudi hakusema neno, ila kila giza lilipoingia aligeuza pua kuelekea porini, akanusa… akanusa… Mama yao, Kristina, alikuwa akimchambua nta kwenye nywele. Chumba kizima kilinuka asali mbichi, na chini ya asali, harufu ya mnyama aliyelowa.

“Damiani,” mama akanong’ona. “Njoo uone.”

Gauni la Loyce lilikuwa limelowa kifuani. Madoa mawili. Yalikuwa yakitanuka.

“Si kamwagikiwa na maji?”

Mama akatikisa kichwa. Alikuwa amezaa mara saba.

“Maziwa.”

Damiani akageuka kuutazama mlango. Mbili, mzee alisema. Wanadai mbili.

Hapo ndipo mtoto alipolia.

Nje. Karibu na ua wa miiba. Kilio chembamba, cha kichanga kilichochoka kulia.

Mbwa wakajipenyeza chini ya ghala, kimya. Loyce akasimama.

“Bado ananyonya,” akasema. Sauti ilikuwa yake, ileile ya zamani.

Akaenda mlangoni. Mama akamrukia kiunoni, akamng’ang’ania. “Sikuachi! Nilishakulilia mara moja, Loyce, sikulilii tena! Damiani, fanya kitu!”

Damiani akachomoa fedha zote za asali mfukoni. Akafungua mlango, upana wa kiganja tu.

Nyasi zilikuwa zikitikisika nyuma ya miiba. Upepo haukuwepo. Waliokuwa pale walikuwa wafupi, au walikuwa wameinama… hakuweza kujua.

“Laki mbili hii!” akapiga kelele, akizitoa nje. “Na nyingine juu yake! Chukueni mwende!”



Kisha ikajibu sauti ya mwanamke mzee. Haikuwa na hasira. Ilikuwa kama ya jirani aliyefuata ungo wake.

“Hela kula mwenyewe. Mtoto ana njaa. Tupeni mama yake.”