Maziwa ya Manjano

Kama kuna siku ya kukutana na mtu usiyemtafuta, ni Jumamosi, kwenye kituo cha mabasi cha Kabuga. Wachuuzi wa mashariki wameshashusha ndizi zao, watu wa mjini wanagombea kurudi na mizigo, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Kaliza alikuwa kwenye foleni, gauni lake refu la kijani amelikunja kidogo lisiguse tope, mtandio umemteleza hadi mabegani, na kifuani amekumbatia mfuko wa manjano ya kusagwa, kilo mbili nzima. Mwanamke wa nyuma akasukuma, mfuko ukapasuka, na kijana wa mbele aliyegeuka kuona kuna nini akayapokea yote kifuani.

"Mbabarira, kaka! Mungu wangu, shati lako!"

Kijana alijitazama. Lilikuwa shati jeupe, la pasi, la mtu anayekwenda kuonekana mahali.

"Hili si shati tena, dada. Hili ni biriani."

Kaliza alicheka asipende. "Fua na sabuni tu, halafu anika kwa jua kali. Jua iko inakula manjano yote."

"Jua iko inakula," kijana alimwigiza. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza, kimenyooka. "Na likikataa kula?"

"Leta kwangu, Batsinda. Uliza Kaliza wa Mzee Usumani, fundi cherehani. Kila mtu iko ananijua."

Jua halikukataa. Shati lilirudi jeupe pe siku ya pili yake, lakini Jumatano kijana alifika Batsinda hata hivyo, amelibeba kwenye mfuko. Jina lake Twahiru, umri miaka thelathini na miwili, msimamizi wa ujenzi huko Kinyinya, buti zake nyekundu kwa vumbi.

"Hakuna doa hapa," Kaliza alisema, akiligeuza shati huku na huku.

"Nilijua utasema hivyo. Basi nitafutie ugonjwa."

Chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake ndicho kilikuwa ofisi ya Kaliza. Alikuwa amekaa India miaka miwili akisoma Ayurveda, elimu ya tiba ya Wahindi, na aliporudi jirani zake wakampachika jina la mganga. Jina hilo lilimchoma. Hakufukuza majini wala hakupiga bao. Aliwaambia watu mambo ambayo bibi zao wangewaambia bure: kula sana adhuhuri, kidogo jioni na mapema, kunywa maji ya moto asubuhi, usichelewe kulala. Mwili, alisema, una upepo, una moto, una maji, na mwenye mwili kazi yake ni kuangalia kimoja kisiwatawale wenzake. Wengi walimsikiliza, wakarudi nyumbani kula chipsi saa nne usiku.

"Shida yangu ni usingizi," Twahiru alisema alipoketi. "Kukiwa na kelele nalala. Kukiwa kimya, macho."

Kaliza alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kama alivyofundishwa, akanyamaza kusikiliza mapigo. Chumba kilitulia hata ikasikika tik, tik, tik.

"Saa yako iko na kelele, sha!"

Twahiru aliifunika kwa kiganja. Ilikuwa saa kubwa ya chuma. "Ya marehemu baba. Saa za zamani zina mdomo."

Kaliza akafungua daftari. "Iko dawa ya hospitali unakunywa?"

Twahiru alitazama dirishani. "Hapana."

"Hata moja? Usinifiche. Dawa zingine hazipatani na zangu."

"Hata moja, daktari."

Kaliza akaandika: Hapana. Kisha akamwambia yeye ni mtu wa upepo, mwembamba, mwenye mawazo mengi, na mtu wa upepo hutulizwa kwa joto na mafuta. Apake nyayo mafuta ya ufuta ya vuguvugu kabla ya kulala. Anywe maziwa ya moto yenye kijiko kimoja cha manjano na kungumanga kidogo. Na simu aizime saa tatu.

Haukupita mwezi kabla Kaliza hajaanza kumpigia mwenyewe, kila siku saa mbili na nusu jioni.

"Halo, mtu wa upepo. Umekunywa maziwa?"

"Nimekunywa. Vijiko viwili leo."

"Nilisema kimoja!"

"Kimoja cha dawa, kimoja cha mapenzi."

Hapo angepaswa kumgombeza. Lakini msichana wa miaka ishirini na tisa, ameambiwa neno hilo na sauti ile, atagombeza saa ngapi? Alicheka. Na Jumamosi iliyofuata akampelekea kopo kubwa zaidi, la manjano na tangawizi, kwa kuwa mapenzi nayo hutaka kupewa kitu.

"Haya, zima simu ulale."

"Yaani unanipigia simu kuniambia nizime simu?"

"Yego. Ndiyo tiba yenyewe, mukunzi wangu."

Miezi mitatu ilipita hivyo, na kitu kimoja tu kilimkera Kaliza. Twahiru alimshika mkono, alimbebea mizigo, alimwita malkia mbele za mafundi wake, lakini kumkumbatia alimkumbatia kwa ubavu, harakaharaka, kama mtu anayepishana na mwingine mlangoni. Jumapili moja walikaa kwenye ngazi za jengo lake la Kinyinya lisilo na mtu, jua linashuka, mji umetulia chini yao. Kaliza alikuwa amechoka na alikuwa na furaha. Akainamisha kichwa kifuani pake. Twahiru akamsukuma.

Hakumsukuma kwa nguvu. Lakini alimsukuma.

"Usiniegemee hapa, Kaliza."

"Kwa nini? Iko mwanamke mwingine analala hapo?"

"Hakuna."

"Basi mimi nanuka?"

"Jamani, Kaliza, tafadhali."

"Wewe iko unanionea haya. Nikiwa mbali kwa simu, mapenzi. Nikiwa karibu, unanisukuma kama mbuzi wa jirani!"

Twahiru alifunga kishikizo cha juu cha shati. Sentensi moja tu ingetosha, naye hakuisema. Kaliza alishuka ngazi, akasimamisha pikipiki, akapanda bila hata kuuliza bei. Alilia mpaka Batsinda, na dereva wa watu akaona aibu kumdai, akangoja ajikumbuke mwenyewe.

Siku kumi na mbili simu ya saa mbili na nusu haikulia. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, iliita namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Kaliza?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, inatetemeka kwa hasira. "Mimi mama yake Twahiru. Damu zinamtoka puani tangu alfajiri na hazikatiki. Tuko hospitali. Umempa nini mwanangu?"

Mwingine angeficha makopo. Kaliza alijaza yote kwenye kikapu, la manjano, la tangawizi, la kungumanga, hata chupa ya mafuta, akaenda nayo hospitali na kuyapanga mbele ya daktari. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alinusa moja baada ya jingine.

"Manjano alikuwa anatumia kiasi gani?"

"Nilimwambia kijiko kimoja."

"Mama yake anasema siku hizi alikuwa anaweka vinne. Asubuhi na jioni. Anasema ndicho kitu chako pekee kilichobaki ndani ya nyumba." Daktari aliweka kopo chini. "Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Lakini kiasi hiki, juu ya kidonge cha kuzuia damu isigande, ni hatari. Hukujua kwamba ana valvu ya chuma moyoni?"

Kaliza aliyaacha makopo pale pale. Akaenda moja kwa moja wodini.

Twahiru alilala na pamba puani, midomo imepauka, mikono imejaa mabaka ya zambarau. Saa kubwa ya chuma waliivua wakaiweka kwenye kabati dogo la kando. Kaliza aliitazama. Mishale yake haikusogea, na vumbi lilikuwa ndani ya kioo. Saa ile ilikuwa imekufa miaka mingi. Lakini tik, tik, tik iliendelea, na ilitoka kitandani.

"Ni mimi," Twahiru alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Ndiyo maana kukiwa kimya silali. Najisikia."

"Nilikuuliza." Kaliza alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mara mbili nilikuuliza, Twahiru."

"Kuna mtu niliwahi kumwambia ukweli. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Wiki ile ile wakairudisha. Baba yake akasema hamwozi binti yake kwa mtu anayelia kama saa ya ukutani."

"Mimi si yule!"

"Najua. Nilijua tangu Kabuga. Ndiyo maana wewe nilikuogopa zaidi."

"Umetumia mikono yangu," Kaliza alisema. "Hiyo ndiyo inaniuma. Umetumia mikono yangu kujiumiza."

Alilia, naye Twahiru akamwacha alie. Kisha, bila kuomba ruhusa, Kaliza akalaza kichwa pale pale alipokatazwa. Safari hii hakusukumwa.

"Inakukera?" Twahiru aliuliza.

"Oya, hata kidogo. Iko kama cherehani ya baba. Mimi nimekua nikilala nayo."

Ilikuwa mara ya kwanza Twahiru kucheka siku hiyo, na kucheka kulimuumiza pua. "Nikitoka hapa namtuma mjomba kwa Mzee Usumani."

"Usitume mjomba. Njoo mwenyewe. Na mbele ya imamu useme vidonge vyote unavyokunywa, kimoja kimoja, ndipo nikubali."

"Utaniaibisha."

"Nitakuaibisha mpaka uzee."

Damu ilikatika siku ya pili. Lakini ili ikatike, ilibidi madaktari wasimamishe kidonge kile, na chuma kilicho moyoni hakitaki kukaa bila kidonge. Walikuwa kati ya mawili: wampe, avuje, wasimpe, damu igande. Walikuwa wanamrudishia dawa kidogo kidogo, kwa vipimo, kwa uangalifu wote. Jumatano adhuhuri, Twahiru akiwa anakunywa uji kwa kijiko na kumsimulia nesi habari za biriani, bonge dogo la damu lilimpanda kichwani. Kijiko kilimwanguka. Alasiri alikuwa ameshafariki.

Walimzika kesho yake. Matanga ya siku tatu yaliwekwa kwa mama yake, Kabuga, na wanawake walijaa mikekani hadi uani. Kaliza alifika amevaa baibui jeusi, akasimama mlangoni, kwa sababu hakujua akae wapi. Mke ana mahali pake. Dada ana mahali pake. Aliyeahidiwa ndoa kitandani hospitalini, bila shahidi, hana.

"Ndiye huyo," alisikia mtu akinong'ona. "Yule wa manjano."

Shangazi mmoja wa marehemu alinyanyuka. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Binti, rudi kwenu. Uliyoyafanya yanatosha."

Kaliza alikuwa na jibu. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari, kwa mkono wake, na tarehe. Lakini angelisema, angemwita Twahiru mwongo kabla udongo wake haujakauka, tena mbele ya mama aliyemzaa. Aligeuka aondoke.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya mama, Bi Mukagasana. Tangu hospitalini hakuwa amesema neno na Kaliza. Watu walipomtupia msichana lawama, yeye alitazama pembeni. Sasa alikaa ukutani, mdogo, amejitanda kanga mpaka kidevuni.

"Huyu alimuuliza mwanangu kama ana dawa anazotumia. Mwanangu akasema hana. Alinisimulia siku ile ile, anacheka, ana furaha, sijapata kumwona hivyo tangu walipomrudishia mahari." Alivuta pumzi. "Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Nikamwambia, nyamaza mpaka ndoa ifungwe. Nilitaka kumwona mwanangu ameoa. Naye alikuwa mtoto mtiifu."

Shangazi aliketi polepole.

Kaliza alikuwa ameyangoja maneno hayo siku nzima, akidhani yakija yatampunguzia mzigo. Hayakumpunguzia. Alivua viatu, akapita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, aliniambia anaweka vijiko viwili. Mimi nilijua ni vingi. Nikacheka, nikampelekea kopo kubwa." Alishindwa kuinua uso. "Nilifurahi, mama. Ndiyo sababu. Nilifurahi tu."

Bi Mukagasana akasogea kwenye mkeka, akapisha nafasi ya mtu mmoja, na wanawake wa upande ule wote ikawabidi wasogee naye, hadi mlangoni.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Bado siku mbili."