Aliyeliitikia Jina la Quinter

Jioni ile Quinter Muhonja alikuwa ametumwa unga. Pakiti mbili za unga wa ngano, si wa kupika chapati, bali wa kummwagia Tyson kichwani, kwa kuwa Tyson alikuwa ametimiza miaka ishirini na miwili na hakuwa na jambo lingine la kujivunia mwaka huo. Ndivyo walivyosherehekea katika chuo kile. Mwenye siku yake alimwagiwa maji, mayai na unga, akapigwa picha akipiga mayowe, kisha wote wakaenda kuoga na kusema wameyafaidi maisha.

Chuo chenyewe kilikuwa cha watu binafsi, kusini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara ya kwenda Sigalagala. Lango lake lilikuwa kubwa kuliko maktaba yake. Wanafunzi walijifunza mambo machache kwa bidii: namna ya kusimama mbele ya simu, namna ya kuongea kupitia puani, na namna ya kuazima viatu na kuvirudisha vimechoka. Quinter aliyajua hayo kuliko wote. Alitoka Lugari, kwa mama mjane mwenye shamba la mahindi, lakini chuoni alisema kwao ni Nairobi. Akiulizwa ni Nairobi ya wapi, aligeuza shingo kana kwamba swali lenyewe linanuka.

Sheria moja tu ilimkera. Kila Alhamisi saa kumi na mbili unusu kulikuwa na ibada ya lazima. Bwana Phanuel, karani wa kanisa, alisimama mbele na daftari, akayaita majina yote kwenye kipaza sauti. Ukiitwa unaitika, "Niko!" Ukikosa mara tatu, huhitimu.

Lakini Phanuel hakuinua kichwa hata siku moja. Aliita huku macho yake yamebandikwa kwenye karatasi, mpaka jina la mwisho. Wanafunzi walimcheka kwa uvivu wake, na wakautumia. Mmoja aliingia, akawaitikia watano.

Mvua ya jioni ilikuwa ndiyo kwanza imekatika Quinter alipofika mbele ya kanisa na unga wake. Rafiki yake Gentrix alikuwa akimngoja hapo.

"Harakisha, Quinter! Tyson ameanza kushuku."

"Na nani ataniitikia leo?"

Gentrix akainua mabega. Wale waliozoea kuwaitikia wengine walikuwa wote kwenye sherehe.

Ndipo Quinter alipomwona msichana aliyesimama peke yake ukutani, chini ya paa, mahali maji yalipokuwa yakidondoka. Sweta yake ilikuwa ya kijani, imelowa mpaka imening'inia. Viatu vyake vilikuwa vya shule ya upili. Alikuwa akiutazama mlango wa kanisa jinsi mtoto mgeni anavyoutazama mlango wa darasa.

"Wewe," Quinter akasema. "Unaingia?"

Msichana akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi uniitikie. Quinter Muhonja. Useme 'Niko' tu, usianze kulia na kuomba huko ndani."

"Huyu?" Gentrix akacheka. "Na hiyo sweta? Ataitika kama mtu anaita ng'ombe!"

"Mimi nataka sauti tu. Sura abaki nayo."

Msichana hakukasirika. Alisogea karibu. Pamoja naye ikaja harufu ya udongo mbichi... udongo wa chini sana, usiowahi kuona jua.

"Unanipa jina?" akanong'ona.

"Nakupa."

"La leo tu?"

"La siku zote, bwana! Mimi mambo ya kanisa siendangi. Chukua, kaa nalo."

Msichana akatabasamu. Kati ya meno yake mlikuwa na mchanga.

"Asante," akasema. "Nitalitunza."

 Quinter alikuwa amekwisha kukimbia na unga wake.

Alhamisi nne zikapita. Quinter hakukanyaga kanisani, na katika orodha iliyobandikwa ofisini jina lake lilikuwa na alama zote. Alimsifu yule msichana kwa namna yake: alisema kwamba hata washamba wana kazi yao.

Mambo madogo yakaanza. Mlinzi wa hosteli alimzuia mlangoni akidai Quinter amekwisha kuingia. Mwalimu alimrudishia kazi iliyoandikwa kwa mwandiko wa duara, safi, yenye alama nyingi kuliko alizowahi kupata maishani. Quinter aliichukua bila kuuliza. Mtu wa aina yake haulizi zawadi imetoka wapi, kwa sababu anaamini kila kitu ni haki yake.

Jumatano ya wiki ya tano mama yake akapiga simu.

"Quinter, mama," sauti ikasema kwa furaha. "Ulifika salama?"

"Kutoka wapi?"

"Si kutoka hapa? Hiyo Jumamosi umenipalilia mahindi mpaka nikashangaa. Nikajiambia, huyu ndiye mtoto niliyemwomba Mungu. Hata hukushika simu."

Quinter akakaa kitandani.

"Mama, mimi sijakuja nyumbani tangu Januari."

Mama akacheka. "Acha mzaha. Tulilala kitanda kimoja." Kisha akashusha sauti. "Kitu kimoja tu, mama. Hizo kucha. Ulinawa mara tatu, udongo mwekundu ukabaki. Na usingizini ulikuwa unakwangua ukuta... kwaru, kwaru... kama mtu anatafuta mlango."

Simu ikakatika. Quinter akapiga tena.

"Nani mwenzangu?" mama akauliza.

"Ni mimi! Quinter!"

"Quinter nimetoka kuongea na yeye sasa hivi," mama akasema kwa adabu ile anayowapa wageni. "Wewe ni nani, dada?"

Usiku ule Quinter hakulala. Kesho yake, Alhamisi, alimtafuta Gentrix, na Gentrix akampita njiani bila salamu. Saa kumi na mbili jioni njaa ikampeleka jikoni, kwa Mama Milcah, mpishi, ambaye Quinter alikuwa akimwita "Madam Sukuma" mbele ya wenzake, kwa mboga za sukuma wiki alizopika kila siku.

"Quinter amekula tayari," Milcah akasema. "Usinichezee, msichana. Nina sufuria za kuosha."

"Mimi ndiye Quinter!"

Milcah akainua macho. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaweka mwiko chini.

"Uliitikiwanga kanisani?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ulimpa mtu jina?"

Quinter akaitikia kwa kichwa.

"Alivaa sweta ya kijani?"

Sufuria zilikuwa zikitokota. Milcah akafunga mlango wa jikoni kabla ya kusema neno lingine.

"Huyo ni Navalayo. Wa Malinya, kule kwa mashimo ya dhahabu. Miaka saba imepita sasa. Alikuwa amepata barua ya kuingia chuo hiki. Wiki ya kuripoti, akashuka shimoni na shangazi zake mara ya mwisho. Udongo ukaanguka. Shangazi walitoka. Yeye hawakumpata, si mzima, si maiti."

"Hiyo inanihusu nini mimi?"

"Nyamaza, usikie. Jina lake lilikuwa kwa daftari, na hakuna aliyekuja kuambia chuo. Kwetu, mtu akienda vile, jina lake haliitwi jioni hovyo hovyo. Hawa waliliita. Kila Alhamisi, giza likiingia, kwa kipaza sauti, muhula mzima. Navalayo! Navalayo!" Milcah akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Halafu Alhamisi moja... akaitika."

Quinter alijaribu kucheka. 

"Na Phanuel? Kwa nini hakulifuta?"

"Aliambiwa alifute. Akasema utamfuta aje mtu anaitika? Tangu siku hiyo hajainua kichwa. Nyinyi mlifikiri ni uvivu?"

Kengele ya ibada ikalia.

"Kimbia," Milcah akasema. "Uliitikie jina lako mwenyewe kabla yake. Mimi sijui zaidi ya hapo."

Quinter akakimbia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule aliingia kanisani, akapita katikati ya viti akiwasukuma watu, na hakuna aliyelalamika. Ilikuwa kama kusukuma mapazia.

Yule msichana alikuwa ameketi safu ya mbele, kati ya Gentrix na Tyson. Hakuvaa sweta ya kijani. Alivaa blauzi ya Quinter. Gentrix alikuwa amemwegemea begani, akicheka jambo alilonong'onezwa, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upendo. Quinter hakuwahi kuchekewa hivyo.

Phanuel akafungua daftari. Kichwa chini.

"Barnaba Osiako."

"Niko!"

"Chemutai Jepkorir."

"Niko!"

Quinter akavuta pumzi.  Nje, giza lilikuwa limefika madirishani.

"Quinter Muhonja."

Akapanua kinywa. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Hakuna kilichotoka.

"Niko," ikasema sauti ya safu ya mbele. Ilikuwa sauti yake, lakini imeoshwa. Haikutokea puani.

Phanuel akatia alama.

Majina yakaendelea. Quinter alisimama pale pale, mikono shingoni, akihisi koo lake limejaa kitu kikavu. Hatimaye Phanuel akafika mwisho wa ukurasa, kwenye jina ambalo halikuwa na darasa wala mwaka. Sauti yake ikashuka, kama kila Alhamisi.

"Selina Navalayo."

Kimya.

Kwa miaka saba jina lile lilikuwa halikosi mtu wa kuliitikia. Phanuel akalirudia.

"Selina... Navalayo."

Yule msichana akageuka kitini. Akamtazama Quinter bila uovu wowote. Midomo yake ilisogea kidogo tu, lakini Quinter aliisikia sauti karibu na sikio lake.

"Itika, dada. Limebaki hilo moja. Ni jina zuri, mama yangu alinipa. Usikae bila."

Koo la Quinter likafunguka. Alijua kwamba neno lile moja, akilitaka, lingetoka.

Hata hapo, mwenzangu, hata hapo, Quinter alifikiria sweta. Alifikiria viatu vya shule na watu wenye matope wanaochungulia mashimo. Alifikiria Gentrix angesemaje. Yeye, Navalayo wa Malinya? Midomo yake ikajikunja kwa dharau, akaifunga.

Phanuel akangoja. Kisha, taratibu, akapiga mstari juu ya jina lile. Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akainua kichwa. Alikuwa na macho mazuri, yaliyojaa machozi. Yakapita juu ya wanafunzi, safu kwa safu, yakapita juu ya Quinter kama yanavyopita juu ya kiti kitupu.

Langoni, mlinzi mzee alikuwa na kitabu chake mezani, taa ikiwaka, wadudu wa mvua wakigonga kioo. Alisikia nyayo. Alimwona mtu, au alidhani amemwona.

"Unatoka? Jina?"

Mtu yule akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena. Alikuwa akitafuta, mzee aliona, jinsi mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, kwanza kwa haraka, halafu kwa woga.

Kutoka kanisani wimbo wa kufunga ibada ukaanza. Sauti moja ya msichana ilizipita zote kwa utamu.

Mlinzi alingoja mpaka mkono ukamchoka. Mwisho akaandika: *Mgeni, mmoja. Ametoka saa moja na robo.* Alipoinua macho kumwambia aweke sahihi, barabara ilikuwa tupu.