Ulimi wa Samaki wa Njano

Msusi alifunga saluni jua likizama, akapitia kwa muuza samaki wa mapambo. Samaki wa maji chumvi wa mumewe walikuwa wanakonda, wanajisugua kwenye mawe kama wenye upele.

"Hao ni kupe," muuzaji alisema. "Mmeweka jiwe jipya?"

"La matumbawe. Zawadi ya wifi yangu."

Muuzaji akaguna. "Mchovye kila samaki kwenye maji matamu, kidogo tu. Kupe wataachia. Ila waangalie na midomoni, mama. Yuko mmoja hula ulimi wa samaki, kisha hukaa yeye mahali pa ulimi."

Nyumbani, mumewe, fundi friji, alikuwa amejilaza kwenye kochi mbele ya tangi. Mpole wa watu yule, lakini tangu jiwe lile liingie ndani, mdomo wake ulikuwa shubiri.

"Tasa umerudi?" alisema. "Mti usiozaa ni kuni."

Yalikuwa maneno ya wifi yake, na mumewe aliyafuatisha na kicheko cha puani, kile kile cha dada yake. Msusi akayameza. Alishakuwa fundi wa kumeza.

Akajaza beseni maji matamu, akaanza kazi. Kupe wakadondoka, weupe kama punje za wali, miguu ikichezacheza. Harufu ya kutu ikapanda. Kila kupe alipoachia, kwenye kochi mtu aliguna.

Aa...

Aa...

Akabaki samaki wa njano, kipenzi cha mumewe. Msusi alimbana taratibu, samaki akapanua mdomo.

Ndani kulikuwa na macho mawili meusi. Yakimtazama.

Akachukua kibanio cha nyusi.

"Mke wangu..." Sauti ilinong'ona nyuma yake. Ile ya zamani, ya uchumba. "Mke wangu, acha..."

Kibanio kikasita hewani. Miezi mingapi hajaitwa hivyo! Machozi yakamlenga.

Kisha kikafuata kicheko. Cha puani.

Akavuta.

Mdudu akaanguka ndani ya beseni, akajikunja, na kutoka majini ikasikika sauti ya mumewe, ndogo kama redio iliyofunikwa mto:

"Tasa..."

Msusi akanyakua birika jikoni, akammiminia maji ya moto hadi akanyamaza.

Alipogeuka, mumewe alikuwa amekaa wima, mdomo wazi. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kidonda. Hapakuwa na ulimi.

Hospitali walisema ni ugonjwa, wakashindwa kuutaja. Wifi alikuja kutoa pole, akampapasa kaka yake shavu.

"Masikini. Basi angalau hatakuudhi tena, wifi."

Akacheka kwa pua, akaaga.

Jioni ile msusi alimlisha mumewe uji kwa kijiko, akamfuta kidevu. Swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba, mwisho likatoka.

"Yale maneno... yalikuwa ya mdudu, au yalikuwa yako?"

Mume hakuwa na ulimi, lakini shingo yake ilikuwa nzima. Angetikisa kichwa tu, ingetosha.

Alimtazama mkewe.

Kisha akageukia ukutani.