Programu Iliyosikia Neno Moja

Tuseme ukweli mapema, tusizungushane: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Si kompyuta, si dada yake, si umeme. Ni yeye mwenyewe, mvulana wa miaka kumi na mitatu ambaye nyumbani walimwita Fundi, nusu kwa kumsifu na nusu kwa kumcheka, kwa sababu alikwisha kufungua redio tatu na kufunga moja.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mama alikwenda kazini asubuhi. Fundi alifagia chumba, akaosha vyombo kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, kisha akajitupa kitandani huku dada yake akifanya kazi mezani. Dada yake alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa haoni tangu utotoni. Kompyuta ilimsomea kwa sauti kila alichoandika, kwa hiyo hakuwa na haja ya picha wala rangi. Alipenda dirisha jeusi lisilo na kitu ila maandishi: unaandika jina la programu, unaongeza maneno ya kuieleza unataka nini, unabonyeza, imekwisha.

Fundi ndiye aliyemtengenezea programu ya kufuta folda asizozihitaji. Aliiita safisha. Aliiandika kwa mchana mmoja, akaijaribu mara mbili, kisha akatembea kifua mbele wiki nzima. Matumizi yake yalikuwa rahisi: unaandika safisha, halafu jina la folda.

"Fundi, kompyuta imejaa," dada yake alisema. "Nafuta rekodi za mwaka jana, zile zilizojaa kelele za nyundo za gereji ya jirani."

"Futa tu, dada. Programu ni yangu, usiwe na wasiwasi."

Hapo hasa ndipo palipotakiwa wasiwasi.

Folda ya mwaka jana iliitwa sayansi zamani. Ya mwaka huu iliitwa sayansi. Ndani ya hii ya pili mlikuwa na masomo ishirini na sita, yaliyosomwa kwa sauti na mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi nyumba ya pili. Kwa miezi sita alikuja kila Jumamosi, akakohoa, akanywa chai, akasoma somo moja. Kisha akahamia kwa mwanawe, mbali sana. Na mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Dada yake akaandika: safisha sayansi zamani. Akabonyeza.

"Imefutwa," ikasema kompyuta.

Akataka kusikiliza somo la kwanza. Kompyuta ikamwambia folda ya sayansi haipo. Akajaribu tena. Haipo. Akafungua ile ya zamani, na nyundo za gereji zikajaa chumba kizima.

"Fundi," alisema polepole, "nimefuta nini?"

"Umeandika vibaya, dada." Alijibu hata kabla hajainuka kutazama. "Vidole vimeteleza."

"Niliandika sayansi zamani. Nimesikia ikinisomea."

"Basi umesikia vibaya."

Dada yake aliitoa mikono kwenye kibodi. "Labda," akasema.

Mchana Fundi aliifungua programu yake na kuisoma mstari kwa mstari. Haikumchukua muda. Mtu akiandika amri, kompyuta huyakata maneno penye nafasi na kuikabidhi programu moja baada ya jingine, kama watu wanaopitishiana matofali. Safisha ilikabidhiwa maneno mawili: sayansi, halafu zamani. Fundi aliiandikia ichukue neno la kwanza na kufuta folda yenye jina hilo. Na la pili? Hakuliandikia kitu. Programu ililiacha lianguke chini, haikuuliza hata, "Na hili je, la nini?"

Alingoja hofu imjie, au aibu, au chochote. Hakikuja kitu. Mwili ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Akafunga kompyuta, akaenda kula. Chakula hakikuwa na ladha yoyote, ila sahani aliimaliza. Ganzi haizuii njaa.

Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Alikwenda shule, akarudi, akafanya hesabu zake zote na kupata zote. Jumanne dada yake alimwandikia Mama ujumbe kwenye simu, kisha akampa Fundi.

"Hebu nisomee kwanza. Siku hizi sijui vidole vyangu vinaandika nini."

Fundi aliusoma. Haukuwa na kosa hata la herufi moja.

"Ujumbe uko sawa?"

"Uko sawa," alijibu, na bado hakusikia kitu kifuani. Jumatano kompyuta haikuwashwa kabisa.

Alhamisi jioni Mama alirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, akavua viatu, akaketi. Dada yake akamsubiri anyooshe miguu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina:

"Mama, mwaka huu mtihani siufanyi. Nitasubiri mwakani."

"Kwa nini tena?"

"Masomo nimeyafuta mwenyewe. Na mtihani wangu unafanywa kwa kompyuta. Kama siviamini vidole vyangu, nitajibu kwa kutumia nini?"

Hakulia. Afadhali angelia. Fundi alisikia mdomo wake ukisema, kana kwamba ni wa mtu mwingine, "Si yeye."

Mama akageuka.

"Si yeye, Mama. Ni programu yangu. Inashika neno la kwanza tu, mengine inayatupa. Dada aliandika sawasawa."

Hapo ganzi ikaanza kuachia, na kama kila aliyewahi kukalia mguu wake anavyojua, ikachoma.

"Umejua tangu lini?" Mama aliuliza.

"Jumamosi."

"Na leo?"

"Alhamisi."

Mama alihesabu kwa vidole bila haraka. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea, ulikosea siku moja tu, ulipoandika programu ile. Hizi siku tano hukukosea. Ulichagua. Ulimwacha mwenzako azame ili wewe ubaki na jina la Fundi." Akasogeza viatu pembeni. "Mimi kazini, karatasi ya daktari ikiwa na maneno mawili nikaelewa moja, dawa sitoi. Narudi kuuliza. Na nikikosea, nasema saa hiyohiyo, mgonjwa hajafika mlangoni. Ukweli wa mapema unaokoa mtu. Wa kuchelewa unabaki kuomba radhi tu."

Kesho yake Fundi aliibeba kompyuta hadi kwa mwalimu wa kompyuta shuleni, akaeleza yote bila kupunguza neno. Mwalimu alihangaika nayo mchana kutwa, akaokoa masomo tisa. Kumi na saba yalikuwa yamekwenda. Fundi akaazima daftari kwa mwanafunzi anayesoma na dada, na kila alasiri akasoma somo moja kwa sauti, siku nyingine mawili, huku dada akirekodi na kumrudisha nyuma kila alipomung'unya maneno. Programu nayo aliiandika upya. Sasa inapokea maneno yote, inamsomea dada jina kamili la folda, inauliza, "Nifute hii?" na isipoelewa haigusi kitu.

Dada akarudi kwenye kibodi. Wiki moja kabla ya mtihani alimwambia Mama anaufanya.

Siku ya somo la mwisho walikuwa wawili tu chumbani. Sauti ya Fundi ilikwisha kukwaruza, na hasira ndogo ikamtoka.

"Lakini dada, tuseme haki. Kitabu cha kompyuta kinasema jina lenye maneno mawili lifungwe kwa alama za kunukuu. Ungeziweka, isingefutika. Na programu nayo ndiyo iliyofuta. Lawama tugawane watatu."

"Hizo alama uliwahi kuniambia?"

"Hapana, ila..."

"Kwa hiyo mimi niliandika ulivyonifundisha?"

"Ndiyo."

"Na programu ikafanya ulivyoiandikia?"

"Ndiyo, lakini..."

"Haya, Fundi. Nitoe mimi, itoe programu, kisha uniambie humu ndani amebaki nani."