Kizibo cha Giaboksi

Rafiki yangu fundi si mtu wa porojo, lakini hili alinisimulia mwenyewe. Mama yake alikuwa amezidiwa na pumu. Hospitali iko juu ya mlima, na gia ya pili ya gari lao kuukuu ilikuwa ikichomoka kila likianza kupanda. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Basi akaishusha giaboksi, akayachomelea meno yaliyolika, akayapiga tupa mpaka viganja vikavuja damu, akaifunga tena.

Umeme ulikuwa umekatika. Gizani, shimoni chini ya gari, alisikia kifua cha mama kikipiga miluzi ng'ambo ya ukuta. Akaanza kupampu oili ndani ya giaboksi. Kadiri ilivyoingia, miluzi ilipungua.

"Afadhali, anapata nafuu," akajiambia, akapapasa kizibo.

Dada yake akaja mbio, analia.

"Kaka, unafanya nini huko?"

"Nimemaliza! Naziba tu, mlete mama twende!"

"Mama anakusihi usizibe. Anasema humo ndani kuna giza, na oili imeshamfika mdomoni."